Nyumba ya Majivu Kando ya Ziwa

Mume wangu ni mwoka mikate. Huamka watu wengine wakiwa bado wanakoroma. Ikifika mchana, yeye ndiye anayekoroma. Mimi ni msusi. Nilikuwa nasuka barazani, mbele ya vyumba viwili tulivyopanga. Humo tuliishi watu watano: sisi wawili, binti zetu mapacha, na mama mkwe wangu.

Mama mkwe ana kiti chake cha kukunja. Akienda dukani anakwenda nacho. Akienda hospitali anakwenda nacho, hata kama huko kuna mabenchi. Kila asubuhi alikikunjua barazani, akaketi, akautazama ukuta wa jirani. Hapakuwa na kitu kingine cha kutazama.

"Mama, unatazama nini?" nilimuuliza siku moja.

"Natazama ziwa."

"Lakini huo ni ukuta, Mama."

"Najua ni ukuta. Macho yangu mazima. Wewe suka."

Mama alizaliwa kando ya ziwa, akaishi huko maisha yake yote. Miguu ilipoanza kumsumbua, tukamleta mjini akae nasi. Hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma. Mtu akilalamika, angalau unaweza kubishana naye.

Mume wangu alimwahidi jambo moja. "Mama, nitakujengea nyumba. Ukikaa mlangoni, utaona maji." Kwa ajili ya ahadi hiyo tulijinyima mambo mengi, tena kwa miaka.

Basi siku moja akarudi kutoka kazini na unga kwenye nyusi, anacheka peke yake.

"Mama Pacha," aliniambia, "kiwanja kimepatikana. Mbele kabisa. Maji haya hapa."

Tukaenda kukiona. Ulikuwa mtaa mdogo kando ya ziwa. Nyumba zilijipanga juu kidogo, mbali na maji. Mbele yake palikuwa na uwanja wazi, tambarare, wenye majani mafupi. Dalali alikuwa anatusubiri. Watu walimwita Viatu, kwa sababu viatu vyake vilisuguliwa mpaka unaona meno yako humo.

"Mbona ni kizuri hivi na hakuna aliyejenga?" niliuliza.

"Shemeji, watu wamelala," Viatu alijibu. "Nyinyi ndio mmeamka mapema."

Mume wangu, ambaye kweli huamka mapema, alifurahi sana kusikia hivyo. Sikupata nafasi ya kuuliza tena. Viatu alisema kuna mteja mwingine anakitaka, kwa hiyo tulete arbuni kabla wiki inayofuata haijaisha.

Siku ya mapumziko tulirudi bila Viatu, safari hii na Mama na watoto. Mume wangu alibeba mfuko wa majivu kutoka kwenye tanuri lake. Akaanza kuyamwaga chini, mstari baada ya mstari, na nyumba ikatokea ardhini. Hii sebule, hivi vyumba, hili jiko. Mapacha waligombea chumba kimoja mpaka wakavutana nywele, nywele nilizosuka jana yake. Nikaenda kuwaamua.

"Wewe!" Mama aliniita. "Unapita ukutani? Huna adabu? Pita mlangoni."

Kweli nilikuwa nimekanyaga mstari. Nikarudi, nikazunguka, nikapita mlangoni. Wote tukacheka. Kisha Mama akakunjua kiti chake kwenye mlango ule wa majivu, akaketi, akayatazama maji.

"Hapa," alisema mwishowe. "Hapa panatosha."

Machozi yalinilenga. Niliwapenda wote siku ile, hata mapacha.

"Hodi," sauti iliita.

Mwanamke mmoja alisimama nje ya mlango. Hakuvuka mstari wa majivu.

"Karibu mwanangu," Mama alijibu, kama vile nyumba imekwisha na chai iko jikoni.

Alikuwa mkunga wa pale mtaani. Nyumba yake ilikuwa ile ya nyuma yetu. Alitusalimia vizuri, akaiangalia nyumba yetu chumba kwa chumba.

"Jiko mmeliweka mahali pazuri," alisema. "Mvua zikinyesha, samaki wataingia kwenye sufuria wenyewe."

Mume wangu akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Una maana gani, dada?"

"Chimba kidogo hapo kwa mguu."

Akachimba. Chini ya majani kulikuwa na makombe ya konokono wa majini, madogo, meupe, mengi.

Mkunga akatupeleka nyumbani kwake. Kwenye ukuta wake palikuwa na mstari wa kahawia, usawa wa goti. "Maji yalifika hapa zile mvua kubwa," alisema. "Na mimi niko juu."

"Na kule chini kwetu?" niliuliza.

"Kule chini kwenu nilipita na mtumbwi, naenda kuzalisha."

Mkunga akatueleza taratibu. Ziwa hupanda na kushuka. Miaka mingine maji husogea mbali, ardhi ikakauka, majani yakaota, watu wakasahau. "Ndiyo maana Viatu huleta wateja kiangazi tu. Masika haji, atachafua viatu."

"Mbona siku ile hukutuambia?" mume wangu aliuliza.

"Mlikuja, mkaondoka. Hamkubisha hodi kwangu. Anayenunua kiwanja, shemeji, huanza na majirani. Sisi ndio tunaolala hapa. Na kabla hujatoa hata senti, nenda ofisi ya ardhi. Uliza kiwanja ni cha nani, na kama panaruhusiwa kujengwa."

Tulipofika nyumbani mume wangu akafungua mdomo.

"Nitajaza kifusi. Nitainua msingi. Mama Pacha, nimemwahidi mama yangu. Umeuona uso wake?"

"Nimeuona," nilisema. "Kesho twende ofisi ya ardhi kwanza. Baada ya hapo, ukitaka kuishi na vyura, sisi tutakuja kukusalimia."

Akajaribu kununa, lakini kicheko kilimshinda.

Ofisini tulimkuta mpima ardhi, mwanamama mwenye penseli sikioni. Akatandaza ramani mezani. Kando ya ziwa palikuwa na ukanda uliochorwa kijani.

"Kiwanja chenu kimo humu," alisema. "Ukanda huu umehifadhiwa. Haujengwi wala hauuzwi, ni wa watu wote. Upana wake si sawa kila mahali, ndiyo maana tunawaomba watu waje kuuliza. Huyo dalali aliwauzia hewa."

"Bado hatujanunua," nilisema haraka.

"Basi mmefanya vizuri."

"Nikijaza kifusi je?" mume wangu aliuliza.

"Maji utayasukuma kwa majirani. Choo chako kitafurikia ziwani, na watu wanachota humo. Nyumba ikija kubomolewa, hutalipwa."

Mume wangu akashika kichwa. "Sasa mama yangu nitamwambia nini?" Akamsimulia yule mpima yote: ukuta wa jirani, kiti cha kukunja, ahadi yake.

Mpima akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akashusha penseli kutoka sikioni, akagusa kiboksi kidogo nyuma ya ule ukanda, kando ya nyumba ya mkunga. "Hiki kinauzwa, na mwenyewe tunamjua. Ni kidogo na kina mwinuko, kwa hiyo madalali hawakisifii. Lakini mbele yake hapatajengwa nyumba."

"Hata baadaye?"

"Hata baadaye. Ule ukanda ni wa wote. Hakuna wa kumzibia mama yako."

Nilimwona mume wangu akielewa polepole, kama unga unavyoumuka.

Safari hii hatukukimbilia. Tulibisha hodi kwa majirani wa kila upande. Tulisubiri mvua inyeshe, tukaenda kuona maji yanapita wapi. Mpima akaja kutuonyesha mawe ya mipaka. Mwenye kiwanja alikuja na mkewe, na wote wawili wakasema wanauza. Ofisi ilipothibitisha kwamba ni chao, ndipo tukalipa, mbele ya mashahidi, tukapewa risiti.

"Hati niandike jina la nani?" mpima aliuliza.

Nilikuwa nafungua mdomo, mume wangu akaniwahi. "Langu na la mama watoto. Nusu ya kiwanja hiki ameisuka kwa vidole vyake."

Nilitazama dirishani kwa muda, mpaka macho yakakauka.

Viatu tulimpigia simu kumweleza kwamba hatumhitaji. Alisema mtandao ni mbaya. Mtandao wake ni mbaya mpaka leo.

Tulijenga msingi mrefu, na choo tukakiweka nyuma, mbali na ziwa. Mlango tuliuelekeza majini. Siku ya kuhamia, Mama alikunjua kiti chake mlangoni kabla hatujashusha hata godoro moja, na hakuna aliyethubutu kumwambia asogee tupite na mizigo.

Kisha zikaja mvua kubwa. Ziwa lilipanda kila siku kidogo. Likafunika majani, likafunika ule uwanja wa mbele, pale tulipokuwa na sebule, vyumba na jiko. Chini ya ngazi zetu likasimama. Tulitoka wote kutazama. Mume wangu alinishika mkono, mkono wake una joto la tanuri siku zote.

"Bibi, ona," mapacha walipiga kelele. "Bata yumo chumbani kwetu!"

Kweli bata mmoja alikuwa anaogelea pale pale walipogombea. Akageuka, akakata moja kwa moja kwenda sebuleni.

Mama alimfuata kwa macho, ameketi mlangoni kwake, miguu mikavu.

"Kapita ukutani," alisema. "Hana adabu."