Kambare wa Mzee Tanis

Pipa lilikuwa limejaa maji. Pampu ya hewa ilitoa mapovu, hita iliwaka taa yake nyekundu, ila samaki hakuwemo.

Basi, ndiyo kesi yenyewe. Hakukuwa na damu wala kioo kilichovunjika, wala komeo lililong'olewa. Inspekta Marlys Dykhuis wa polisi wa mji wa Muskegon alisimama katika chumba cha chini cha nyumba ya daktari wa meno, theluji ikimyeyukia viatuni, akajiuliza kama kweli hiki ndicho alichokiachia supu yake ya Jumamosi.

Mbele yake mzee wa miaka sabini na kitu alikuwa akilia waziwazi, kofia ya sufu mkononi.

"Jina?" Inspekta aliuliza.

"Wendell Tanis."

"La samaki, mzee."

"Bernice."

Konstebo Ruiz alikohoa ghafla akageukia ukutani. Inspekta alimkata jicho.

"Aina?"

"Kambare mkia mwekundu. Futi tatu na nusu. Uzito kama mtoto wa darasa la kwanza."

Hapo ndipo mambo yalipoanza kumchanganya Inspekta, na laiti angejua kwamba huo ulikuwa mwanzo tu. Samaki ameibiwa nyumbani kwa Daktari Glenn Brouwer, lakini aliyepiga simu polisi ni Mzee Tanis. Mgeni alikuwa analia, na mwenye nyumba ameegemea ngazi anaangalia kucha zake.

Mzee alieleza. Alimnunua Bernice akiwa na urefu wa kidole. Muuzaji akamwambia lile neno wanaloambiwa wafuga samaki wote wapya, nao wote huliamini: usijali, samaki hukua kulingana na tanki lake. Uongo mtupu. Bernice alikua akalishinda tanki la kwanza, la pili, na la tatu. Kisha mkewe mzee akafariki, naye akahamia nyumba za wastaafu, ambako sheria inaruhusu bakuli moja la samaki na si zaidi.

"Daktari alikuwa anajenga hili," alisema, akionyesha ukuta wa kushoto.

Ukuta wote ulikuwa kioo. Galoni elfu mbili za maji, mchanga, mizizi mikubwa ya miti, na samaki taa wa mito ya Amazon, bapa na mviringo kama chapati, wakipepea chini taratibu. Ukiliona hutaki kuondoka, na Inspekta mwenyewe alijikuta amesahau swali.

"Tulipeana mkono," mzee aliendelea. "Bernice akae kwenye pipa hili la kunyweshea ng'ombe mpaka maji ya tanki yakomae, yaani yawe salama kwa samaki, kisha ahamie humo. Na mimi nije kila Jumamosi nimlishe kamba kwa mkono wangu. Nimekuja leo, ndiyo haya."

"Daktari, maji yalikomaa lini?"

"Kabla ya Krismasi."

"Na sasa Januari inaisha. Bernice alikuwa bado anafanya nini pipani?"

"Nilikuwa nampangia, Afande. Hivi vitu havina haraka."

Mkewe, Lorna, mama mrefu mwenye nywele za kijivu, aliteremka na kahawa. Aliwagawia polisi, akamshika mzee bega, akataka kusema jambo, akaghairi. Akasema ana kazi kanisani kwake, akachukua funguo za gari na kuondoka.

Inspekta aliinama juu ya pipa na kunusa. Kulikuwa na harufu anayoijua kabisa, ila haikuwa na haki ya kuwa pale.

"Ruiz, njoo unuse."

"Paja la nguruwe la Krismasi, Afande. Lile analopika mama mkwe wangu."

"Karafuu," Inspekta alisema.

Mzee Tanis aliacha kulia. Uso wake ulibadilika rangi. "Karafuu? Yesu wangu. Wamemuua."

"Nani kamuua? Kwa karafuu?"

"Mafuta ya karafuu, binti yangu. Ukitia matone machache samaki analala, unaweza kumhamisha au kumtibu. Ukizidisha, haamki tena. Sisi wafugaji wote tunajua."

"Mimi ni daktari wa meno," Glenn alidakia. "Nyumba yangu nzima inanuka karafuu. Hata mto wangu."

"Sijakuuliza bado, Daktari. Nakuja."

Walichukua sampuli ya maji kwa ajili ya maabara. Ruiz alipekua mapipa ya taka, akazunguka uani ambako theluji ilikuwa haijakanyagwa, akarudi na chupa ya mafuta ya karafuu. Tupu. Mzoga hakuuona. Kwenye ngazi kulikuwa na michirizi miwili ya maji yaliyokauka, sambamba, ikipanda mpaka mlango wa gereji.

"Afande, kesi hii haina kichwa wala miguu," Ruiz alinong'ona. "Kama kauawa, nani anaiba mzoga? Kama kaibwa, mbona wale taa wa thamani hawajaguswa?"

"Ningekuwa najua ningekuwa nyumbani nakunywa supu."

Alimkalisha daktari jikoni, uso kwa uso, na kuiweka chupa mezani.

"Yako?"

"Yangu."

"Uliitumia jana?"

"Huenda."

"Daktari, mimi ukining'oa jino utaniambia huenda umeling'oa?"

Glenn alicheka kidogo, kisha kicheko kikamfia mdomoni. Akafuta jasho.

"Sawa. Nilimimina mimi. Jana jioni."

"Chupa nzima?"

"Nusu kwanza, alale. Ana mdomo kama ndoo, Afande! Chochote kinachoenea mdomoni kwake ni chakula. Niliwaona wale taa dukani, wadogo, wazuri, nikashindwa kujizuia. Nimeshawatia tankini ndipo nikakumbuka kuna Bernice. Angewamaliza kwa wiki moja."

"Ukampa mzee mkono, kisha ukanunua chakula cha samaki wake ukakiita mapambo."

"Ningemwambia amekufa kwa uzee."

"Halafu?"

"Halafu nikapanda juu kutafuta mfuko mkubwa wa taka. Nilipata simu ya mgonjwa, nikachelewa. Niliporudi kummalizia, hayupo! Nikaimwaga hiyo nusu iliyobaki kwenye sinki. Nakuapia, Afande. Samaki aliyelala hapandi ngazi."

"Mbona hukutuita?"

"Niseme nini? Kwamba nimeibiwa maiti niliyokuwa bado naiua?"

Inspekta alishika kichwa kwa mikono miwili. Asubuhi alikuwa na kesi ya wizi. Sasa alikuwa na muuaji asiye na maiti, na mwizi asiye na sababu. Na kibaya zaidi, alianza kumwonea huruma kambare ambaye hajawahi kumwona. Hilo lilimkera kuliko yote.

Alirudi chini. Mzee alikuwa amekaa kando ya pipa, mkono ndani ya maji.

"Mzee, nisaidie. Fungua kabati hili la vifaa uniambie kimepungua nini."

Tanis alifungua, akatazama rafu moja baada ya nyingine. "Dawa ya kuondoa klorini haipo. Kulikuwa na ndoo nzima. Na sanduku kubwa la barafu, lile la magurudumu, halipo pia."

"Hiyo dawa ni ya nini?"

"Maji ya bomba yana klorini, yanaunguza matamvua ya samaki. Ukijaza maji mapya lazima utie dawa kwanza."

"Mwenye mzoga ana haja nayo?"

Mzee aligeuka polepole. "Hapana. Huyo anataka aishi. Lakini Bernice ni wa nchi za joto. Akiwekwa kwenye maji ya baridi hafiki usiku. Januari hii, Muskegon, mtu atapata wapi maji mengi hivyo ya moto?"

"Bwawa la kuogelea?" Ruiz alisema.

"Limejaa watoto na klorini," mzee alijibu.

Inspekta alitazama ile michirizi ya magurudumu. Mlango haukuvunjwa kwa sababu aliyetoka alikuwa na ufunguo.

"Daktari! Mkeo ana kazi gani kanisani?"

"Kesho kuna ubatizo," Glenn alijibu kutoka juu. "Yeye ndiye anayejaza birika la kubatizia na kuwasha hita yake."

Inspekta alimgeukia mzee.

"Sisi wa kanisa la Reformed tunamnyunyizia mtoto vidole viwili tu vya maji," Mzee Tanis alisema. "Wabaptisti kama Lorna wanazamisha mtu mzima."

Walikwenda wote wanne kanisani kwa Lorna kwa gari la polisi.

Nyuma ya madhabahu kulikuwa na pazia la bluu. Inspekta alilifungua. Lorna alikuwa amepiga magoti kando ya birika, mikono ya sweta imekunjwa mpaka kwenye viwiko. Ndani ya maji ya uvuguvugu, mkubwa, mweusi mgongoni, mkia mwekundu kama pilipili, Bernice alikuwa akizunguka.

Mzee Tanis alipiga magoti palepale, akatia mkono. Kambare aligeuka, akaja moja kwa moja, akaupapasa mkono kwa ndevu zake. Mzee alimsugua kichwa taratibu. Ruiz naye alikohoa tena, ila safari hii hakuwa anaficha kicheko.

"Nilimkuta amelala ubavu," Lorna alisema, bila kungoja swali. "Nilimtia sandukuni, nikamburuta ngazi kwa ngazi. Hapa nilimshika mdomo nikamtembeza majini mpaka alipopiga mkia. Nililia kama mtoto. Mzee, nisamehe. Nilitaka nimpatie kwanza mahali pa kukaa, ndipo nikuambie."

"Mzee alishampa mumeo, kwa hiyo kisheria ni mali yake," Inspekta alisema. "Mbona ulihatarisha jina lako kwa samaki?"

Lorna alijifuta mikono. Alikuwa akimtazama mumewe.

"Unajua lile tanki limejengwa wapi, Afande? Kile kilikuwa chumba cha mama yangu. Glenn alisema nyumba haitutoshi. Tukampeleka kwenye nyumba ya wazee, akanishika mkono mlangoni akaniuliza amekosa nini. Hakumaliza hata mwaka. Mimi nilinyamaza. Jana nilipoiona ile chupa nikasema hapana, mara ya pili sinyamazi. Bernice anaingia kwenye lile tanki, na taa wanarudi dukani. Ama sivyo nahama naye."

"Unamshtaki, Daktari?" Inspekta aliuliza.

Glenn alikuwa amesimama kando ya viti vya kwaya, koti bado limefungwa vifungo vyote.

"Anakula wenzake, Lorna," alisema. "Ningefanyaje?"

"Mama hakuwa akimla mtu, Glenn."

Daktari aliketi kwenye kiti cha kwaya, akainamisha uso. Kisha aliuliza, kwa sauti ndogo, kama lile duka la samaki linafunguliwa Jumapili.