Mgeni wa Jedwali la Ndani

Kwanza Annastella alimshuku Burhani, na hata mimi ningemshuku, maana Burhani ni mtu wa utani usio na breki.

Walikuwa wawili tu katika ofisi yao ya Miembeni, juu ya duka la vitambaa, wakitengeneza kwa Java programu ya chama cha wakulima wa kahawa wa Izigo. Kwenye skrini kulikuwa na jedwali la kaya. Ukibofya kaya moja, ndani yake linafunguka jedwali dogo la watu wanaoishi humo. Mtu akiongezwa, jedwali dogo linajisasisha lenyewe. Asubuhi ile kaya ya mzee Karugendo, anayeishi na mkewe tu, ilionyesha watu watatu. Wa tatu hakuwa na jina.

"Burhani, acha mchezo."

"Mchezo gani, dada? Wallahi sijagusa."

Annastella akatazama kwenye kanzidata: watu wawili. Akafungua ukurasa upya: watatu. Burhani akavuta kiti, akasema ugonjwa huu anaujua, majedwali madogo yote yamepewa kitambulisho kimoja, kwa hiyo mstari wa kaya moja unang'ang'ania kwenye nyingine. Akaipa kila kaya kitambulisho chake, akazima seva, akaiwasha. Kwa Karugendo wakabaki wawili. Wakacheka. Kisha Annastella akafungua kaya inayofuata, ya Projestus, na yule asiye na jina alikuwa humo, na chumba kikanuka ubani ingawa hakuna aliyechoma kitu.

Hapo wakaanza kuviziana. Burhani alipokwenda kuswali adhuhuri, Annastella akabadili nywila. Aliporudi, naye akachomoa waya wa intaneti, kimya, akimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Mstari ukaendelea kusogea, hakuna aliyegusa kipanya, kutoka kwa Projestus hadi kwa Buberwa, kutoka kwa Buberwa hadi kwa Agnetha, kwa jinsi vibanja, yaani mashamba ya migomba yenye nyumba ndani, vinavyofuatana njiani, na Annastella, aliyezaliwa kwenye njia hiyo, akaacha kumshuku Burhani na kuanza kuogopa, kwa sababu baada ya kwa Agnetha ni kwa mama yake, Kokuberwa, anayeishi peke yake tangu mwanawe Mujuni alipozikwa nyuma ya nyumba, kwenye migomba.

"Futa kaya ya mama," Burhani akanong'ona.

"Nimefuta. Inarudi."

Akapiga simu Izigo.

"Mama, uko na nani?"

"Nina mgeni."

"Usimpe akamwani. Nakuomba, mama, usimpe."

Huko kwao mgeni hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, hiyo akamwani, na akishaitia mdomoni basi amekuwa wako. Wanasema hata kisicho mtu, kikikaribishwa hivyo, hakitoki mpaka aliyekipa aseme toka.

"Ameshatafuna," mama akasema.

Kwenye skrini mstari wa kwa Kokuberwa ukajijaza jina, herufi kwa herufi: Mujuni. Burhani akafungua kanzidata. Safari hii nayo ilisema watu wawili.

"Mwambie mama kwamba mjomba wangu wa huko, Sheikh Hussein, nimemtumia ujumbe, anakuja na pikipiki sasa hivi," Burhani akasema. "Atamsomea dua huyo mgeni. Ila mama mwenyewe ndiye amfukuze."

Annastella akayasema hayo yote kwa haraka. Upande wa pili, karibu kabisa na simu, mtu alikuwa anatafuna taratibu.

"Mama, huyo si Mujuni. Mwambie atoke. Neno moja tu."

"Najua si Mujuni," mama akasema kwa sauti ya chini. "Mujuni nilimwosha kwa mikono yangu. Lakini huyu ameingia akaniuliza kama nimekula. Wewe, mwanangu, mara ya mwisho uliniuliza lini?"

Annastella akaanza kuhesabu miezi.

"Ngoja nimmenyee ndizi," mama akasema, akakata simu.