Walitaka Shingo Yangu Ikakamae

Nina miaka arobaini na tatu, mama wa watoto wawili, mkazi wa Kalemie. Wasomaji wenzangu, naandika haya nikiwa na kichefuchefu... si cha ugonjwa, ni cha watu. Tena watu niliowapikia miaka yote ya ndoa yangu!

Tangu usichana wangu nimebeba samaki kichwani kutoka ufukweni hadi sokoni. Beseni limejaa ndakala, dagaa wa ziwa letu, maji yananichuruzikia shingoni, nami natembea huku napiga soga na wenzangu. Sikuwahi kufikiri kwamba shingo nayo huchoka.

Ilianza mikononi. Vifungo vya blauzi vikanishinda, kijiko kikawa kinaniponyoka. Kisha miguu ikawa mizito, nikawa natembea nikiyumba, na sokoni wakaanza kunong'ona kwamba nakunywa pombe kali ya lutuku asubuhi asubuhi. Nikiinamisha kichwa, kitu kama umeme kinanipiga kutoka shingoni hadi kiunoni. Mungu wangu!

Mume wangu, Papa Furaha, ni fundi wa moteri za mitumbwi, na kanisani ni shemasi. Daktari wa hapa alipokiri kwamba hana mashine ya kuona ndani ya shingo, nilivuka ziwa hadi Kigoma na mdogo wangu Riziki, tukaendelea kwa basi mpaka hospitali kubwa. Papa Furaha alisema hawezi kuacha kazi.

Kule picha ilionyesha wazi. Ile kamba ya neva inayopita ndani ya mifupa ya shingo ilikuwa imebanwa. Daktari alisema nikichelewa ningelala kitandani maisha yangu yote, bila mikono wala miguu. Nililia! Nikamuuliza kama nitabaki na shingo ngumu kama mti, maana mtaani kwetu kuna mzee aliyeunganishwa mifupa ya shingo kwa vyuma, na akitaka kukutazama lazima ageuke mwili mzima.

Daktari akasema kwangu mimi kuna njia nyingine. Wangeifungua mifupa kwa nyuma kama mlango, waushikilie mlango huo kwa vyuma vidogo usijifunge, kamba ipate nafasi, na shingo iendelee kugeuka. Ila nisibebe chochote kichwani mpaka yeye mwenyewe aniruhusu!

Maneno hayo nilimwambia mume wangu kwa simu siku ileile. Mikono yangu ilikuwa haishiki, Riziki ndiye aliyenishikia simu sikioni. Papa Furaha akajibu, "Sawa, Mama Furaha. Mungu iko mukubwa."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku niliposhika kijiko mwenyewe nililia tena, safari hii kwa furaha. Kumbe nyumbani walikuwa wamekwisha kunizika!

Mume wangu alikuwa ametangaza kanisani kwamba mkewe atarudi amepooza. Waumini wakamwonea huruma, na dada yake, Mama Zawadi, akamtafutia msichana wa kuoa kutoka Pepa. Shemasi mzima! Ili mpango huo usilete aibu, ilibidi mimi niwe mzigo. Nami nikashuka bandarini kwa miguu yangu, nageuza shingo kulia na kushoto kuwasalimia watu. Nadhani walichukia tangu pale.

Katika ukoo wa mume wangu, mke akirudi kutoka safari ya mbali humpelekea mama mkwe maji, beseni kichwani, ndugu wote wakitazama. Nimeifanya heshima hiyo kila mara bila kunung'unika. Safari hii niliomba kwa adabu Riziki anibebee, kwa sababu daktari amenikataza.

Mama Zawadi akapiga makofi. "Muntu wa kupasuliwa shingo njo anageuka hivi? Ule muzee tunamuona kila siku, iko anageuka? Wewe hukulala hospitali! Ulienda kwa mwanaume Kigoma!"

Nikavua kitambaa, nikawaonyesha kovu. Wakaja mmoja mmoja kulibonyeza kwa vidole, kama watu wanaonunua mbuzi. Mmoja akasema ni chale za mganga. Riziki alipojaribu kunitetea, wakamwambia anyamaze, yeye ni damu yangu.

Nikamgeukia mume wangu. "Papa Furaha, waambie. Nilikueleza yote."

Akatazama chini. "Mi sikuambiwa kitu," akasema.

Hivi jamani, moyo wa mtu umetengenezwa kwa kitu gani? Na hakuishia hapo... Aliinuka, akalinyanyua lile beseni lililojaa maji, akanitwika kichwani kwa mikono yake mwenyewe. "Beba basi. Kama umepona kweli, itaonekana." Mtu huyo alijua! Alijua kwamba mzigo ule ungeweza kunipoozesha, akanitwika!

Umeme ulinipiga mikono yote miwili. Nikalisukuma beseni, likaanguka, maji yakamlowesha suruali yake ya kanisani. Nikatapika palepale kwa hasira na kinyaa. Unajua Mama Zawadi alisema nini? Eti hiyo ni mimba ya Kigoma! Nao wakacheka, na mume wangu akacheka nao.

Nilichukua watoto wangu, nikahamia kwa Riziki. Kila asubuhi nilijaribu vidole kwa hofu kabla ya kusali. Nilirudi kwa daktari, akapiga picha, ule mlango haukuwa umejifunga na mifupa ilikuwa imepona vizuri. Namshukuru Mungu, leo nasuka nywele za binti yangu kwa mikono hii.

Wasomaji, nawasihi. Ukiona mikono inapoteza nguvu na miguu inayumba, wahi hospitali, usingoje. Na ukishatibiwa, usikubali kuwathibitishia maumivu yako watu waliokwisha kuamua wewe ni nani. Daktari akisema usibebe, usibebe, hata ukoo mzima ukilia!

Juzi Papa Furaha alinifuata sokoni, pale ninapouza samaki nikiwa nimekaa. Yule msichana amerudi kwao Pepa, na kanisani, walipoona sikupooza, wameanza kumkwepa. Hana haya hata kidogo! Akasimama mbele ya meza yangu, akaniuliza kwa sauti ya upole, "Mama Furaha, shingo inaendelea namna gani?"

Niliigeuza shingo hiyo, polepole, bila maumivu yoyote, nikatazama upande wa pili mpaka alipoondoka.