Kivaa si Kivaani

Likizo ya Aprili, Mwelu alikuwa na kazi tatu za asubuhi: kuchota maji kwenye tangi la ploti kabla majirani hawajaamka, kupika chai, na kumfundisha dada Asmaa maneno matano ya Kiswahili chai ikichemka. Kazi ya tatu ndiyo aliyoipenda. Si kila msichana wa miaka kumi na miwili mjini Machakos aliyekuwa na mwanafunzi wa miaka ishirini na mitatu.

Asmaa alikuwa ametoka Tunisia, kaskazini kabisa mwa Afrika, kujitolea kwa miezi mitatu kupima macho ya watoto wa vijijini. Alikaa kwao Mwelu kwa sababu Kamanthe, mama yake Mwelu, alikuwa muuguzi na ndiye aliyefuatana naye kila alikokwenda. Maneno mengine Asmaa aliyajua kabla ya kufundishwa. Akisikia "kitabu" au "daftari" alicheka akisema hayo ni ya kwao. Yaliyomshinda yalikuwa mambo madogo madogo.

"Sikiliza, dada Asmaa," Mwelu alimwambia asubuhi hiyo. "Ukienda mahali, unaongeza 'ni' mwishoni. Soko, sokoni. Shule, shuleni."

"Nyumba, nyumbani," Asmaa akasema polepole.

"Umepata."

Mama Mwelu aliingia jikoni akifunga vifungo vya sare yake. Siku hiyo alikuwa ameitwa kazini ghafla, na Asmaa alipaswa kwenda Kivaa, upande wa Masinga, ambako Mwalimu Maundu alikuwa amewakusanya watoto thelathini wenye shida ya macho. Ingekuwa safari yake ya kwanza peke yake.

"Mwelu, weka hicho kikombe chini unisikilize," alisema. "Unampeleka mgeni mpaka steji. Unamtafutia gari la Kivaa. Unaongea na kondakta wewe mwenyewe, umwambie ni nani anamngojea huko. Gari likiondoka, unaandika namba yake. Ndipo unarudi. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Nimesema ndipo. Si kabla."

Nje, mawingu mazito yalikuwa yamevikalia vilima vya Iveti kwa siku ya tatu. Stima ilikuwa imepotea tangu jana jioni, na simu ya Asmaa ilikuwa na chaji kidogo tu. Asmaa aliitazama, akaitia mfukoni, wakaondoka.

Kwenye lango la steji, Tracy, rafiki yake Mwelu, alikuwa amesimama akitafuna muwa.

"Sasa, Mwelu. Shangazi anasuka mpaka saa nne tu, halafu anaenda zake," alisema. "Na watu wawili wako mbele yako. Ukichelewa utarudi shule na hicho kichaka, ndege watage mayai."

Mwelu aliushika utosi wake. Alikuwa amezingojea nywele hizo wiki nzima.

Asmaa naye alikuwa akijizoeza kimya kimya, midomo ikicheza. "Nitamwambia kondakta, 'Nakwenda Kivaani.' Sawa, mwalimu wangu?"

Haikuwa sawa. Majina ya miji hayaongezwi "ni". Hakuna mtu anayesema anakwenda Machakosini. Mwelu alifungua mdomo kusahihisha, lakini Tracy alikuwa ameshaanza kutembea.

"Sawa kabisa, dada," akasema upesi. "Magari ni yale pale. Uliza mtu yeyote."

Asmaa alimpungia mkono na kuingia katikati ya watu. Mwelu hakuwa amekwenda hatua kumi alipomsikia kondakta mmoja akiita abiria nyuma yake: "Kangundo, Kivaani. Kangundo, Kivaani, wawili tuondoke."

Mwelu akasimama. Kivaani. Kulikuwa na mahali panapoitwa hivyo, upande wa Kangundo, mbali kabisa na Masinga.

"Unakuja ama huji?" Tracy akauliza.

Mwelu akaenda.

Shangazi yake Tracy alisuka kwa mkono mgumu. Mwelu alirudi nyumbani ngozi ya kichwa ikimvuta hadi nyusi zikapanda. Mvua ilianza adhuhuri. Ilinyesha moja kwa moja, bila radi, kama mtu aliyekasirika asiyetaka kusema. Mama yake alirejea saa saba, viatu vikiwa mkononi.

"Mgeni alipanda?"

"Alipanda, mama."

"Namba ya gari?"

"Nilisahau kuiandika. Lakini nililiona likiondoka."

Mama alizitazama nywele mpya, akaenda kuanika viatu vyake. Mwelu alijiambia kwamba makondakta ni watu wazima wenye akili. Lazima wangemuuliza mgeni anakokwenda. Bila shaka alikuwa ameshafika Kivaa.

Saa nane simu ililia. Ilikuwa ya Mwalimu Maundu, na sauti yake ilisikika chumba kizima. "Mama Mwelu, watoto wamengoja tangu saa tano. Huyu msichana wenu alitoka kweli?"

Mama alipiga namba ya Asmaa. Mteja hakupatikana. Akapiga tena, na tena. Mvua ikaongezeka juu ya mabati mpaka ikabidi waongee kwa nguvu.

Baada ya nusu saa Mwalimu Maundu alipiga mara ya pili. Safari hii alikuwa akihema. Gari lililotoka Machakos asubuhi kuja Kivaa, likaharibikia njiani kwa saa nyingi, lilikuwa limesukumwa na maji kwenye kivuko cha mto, likalala ubavu. Watu walikuwa wakitolewa. Hakuna aliyemwona mgeni.

Mama aligeuka. "Mwelu. Niambie tena. Ulimwona akipanda gari la Kivaa kwa macho yako?"

Hapo ndipo angeweza kusema.

"Nilimwona."

"Mwalimu," mama akasema kwenye simu, "mtoto alimwona akipanda."

"Basi naingia mtoni kumtafuta," Maundu akajibu, na simu ikakatika.

Mama alivuta gambuti zake kutoka chini ya kitanda. Alijaribu kuingiza mguu, akakosa; akajaribu tena, akakosa. Mwelu alikuwa amewahi kuiona mikono ya mama ikishona majeraha mabaya na kupokea watoto wachanga, lakini hakuwahi kuiona ikishindwa na kiatu.

"Mama, hayuko mtoni," akasema.

"Unasema nini?"

"Sikumfikisha kwenye gari. Nilimwacha langoni nikaenda kusukwa. Alisema atamwambia kondakta anakwenda Kivaani. Nilisikia, sikumsahihisha. Gari la Kangundo lilikuwa pale. Nadhani alilipanda hilo."

Mama hakumpiga wala hakumkemea. Alichukua simu na kumpigia Maundu. Ililia mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mwelu alihesabu milio kwa vidole, akafika saba.

"Niko na kamba kiunoni, Mama Mwelu. Ongea haraka."

"Usiingie. Hayumo. Hakupanda hilo gari."

Maji yalinguruma nyuma yake. Kisha Maundu akasema, "Haya," kwa sauti ndogo.

Simu iliyofuata mama alimpigia Reuben, binamu yake mama, fundi wa pikipiki Kangundo. Aliambiwa aende Kivaani mara moja amtafute msichana mgeni mwenye kilemba cha buluu. Halafu wakangoja. Saa ya ukutani ilikuwa ya betri, na hiyo peke yake ndiyo iliyoendelea na kazi yake ndani ya nyumba ile. Mwelu hakuthubutu kukaa.

Saa kumi na robo Reuben alipiga. Alikuwa amempata.

Asmaa alifikishwa nyumbani na Reuben kabla ya adhana ya magharibi, matope mpaka magotini. Alikuwa amezunguka Kivaani akiuliza shule ya Mwalimu Maundu, na kila mtu akimwonyesha shule nyingine. Simu ilizimika. Vijana wawili wa pikipiki, ambao hakuna aliyewajua, walimwambia Kivaa ni karibu tu, watampeleka kwa njia ya mkato, akae katikati yao. Alikuwa ameshakubali. Lakini mama mmoja mwenye kibanda cha mboga, jina lake Winfred, aliushika mkoba wake akakataa kuuachilia.

"Nilikasirika," Asmaa alisema. "Nilifikiri ananiibia. Akasema, 'Kivaa ni safari ya saa mbili, mwanangu. Hakuna mkato.' Wale vijana wakaondoka bila kuaga. Akanikalisha kibandani mwake mpaka Reuben akaja."

Mwelu alimwomba msamaha mbele ya wote, akisema kila alichofanya, pamoja na nywele. Asmaa alimsikiliza mpaka mwisho. "Nilikuamini kwa sababu wewe ni mwalimu wangu," akasema, na hilo lilimchoma Mwelu kuliko kiboko.

Simu ya mwisho ilitoka Kivaa. Abiria wote kumi na wanne wa gari lile walikuwa wametoka salama. Aliyekuwa akitafutwa majini alikuwa mmoja tu, ambaye hakuwahi kulipanda.

Mama aliiweka simu mezani. "Nitakwambia jambo hili mara moja, Mwelu. Kwenda kusukwa ulikuwa uzembe, na uzembe wa mtoto nimeuona mwingi. Ungeniambia saa saba, ningekasirika, ningempigia Reuben, na mgeni angekunywa chai hapa saa tisa. Lakini ulisema uongo, tena mara mbili. Watu wazima hatukuwa na macho mengine pale steji ila yako. Tuliyatumia, yakatupeleka mtoni. Maundu ana watoto wanne. Alishafungwa kamba. Nenda ukae na hilo, na siku nyingine ukikosa, uje uniambie kosa likiwa bado dogo."

Akainuka, akammiminia Asmaa maji ya moto kwenye beseni, akamwambia atie miguu.