Kikongwe wa Mnara wa Kioo

Bi Lamis wa ghorofa ya tisa hakuwa mtu wa kulalamika ovyo. Kwa hiyo asubuhi ile aliposimama mbele ya lifti, mtandio umemkaa upande, akamshika Rudayna mkono, ilibidi asikilizwe.

"Mhandisi, usinifikirie vibaya," alisema kwa sauti ya chini. "Mama yako namheshimu kama wangu. Lakini jana adhuhuri ameingia kwangu bila salamu, bila hodi. Na mlango nilikuwa nimeufunga kwa ufunguo. Nikamkuta jikoni anapapasa ukuta."

"Anapapasa ukuta?"

"Kama mtu anayetafuta mlango uliozibwa. Nikamwambia, karibu shangazi, kaa nikupe chai. Wala hakugeuka. Na jiko zima likanuka... sijui niseme nini. Likanuka kisima kilichofunikwa miaka mingi."

Rudayna akacheka kidogo, akaomba radhi, akasema wazee ndivyo walivyo. Alipoingia kwenye lifti na milango ikajifunga, kicheko kikamkauka mdomoni. Jana adhuhuri mama yake alikuwa mji wa Salt, matangani kwa binamu yake, na aliyempeleka na kumrudisha ni Rudayna mwenyewe.

Mnara ule ulikuwa wake, kwa maana ya kuwa yeye ndiye aliyeuchora. Ulisimama katikati ya mji wa chini wa Amman, mahali palipokuwa na nyumba ya kale yenye ua na kisima, na ulikuwa wa kioo kitupu kuanzia chini hadi juu, katika mji ambao hata banda la kuku hujengwa kwa jiwe jeupe. Watu walikuwa na maneno. Baba Nawaf, muuza bajia za falafel, aliuita friji. "Friji lenyewe wamelisahau mlango wazi," aliwaambia wateja, "ndiyo maana mtaa mzima tunapigwa na baridi." Wenye teksi walisema umewaibia kilima cha Ngome, zamani ukiinua macho unaona magofu na anga, sasa unajiona mwenyewe umekunja uso. Vijana wao waliusifu. Mji umeamka, jamani, mpaka lini tutakaa ndani ya mawe ya mababu kama mijusi? Redioni Rudayna aliwajibu wote kwa lugha tamu, na tuseme kweli, majibu alikuwa nayo. Siku moja tu ulimi ulimponyoka akasema uzuri wa jengo si jambo la kumwuliza muuza falafel, na tangu hapo Baba Nawaf akaacha kumwitikia salamu.

Lakini maneno ya mtaa hayakumkosesha raha. Aliyemkosesha raha ni mama yake.

Wasfiya, ambaye kila mtu alimwita Mama Rudayna, alikuwa mjane wa kijijini, wa thobe, kanzu ndefu nyeusi iliyotariziwa kifuani, kandambili za plastiki, na sauti ya kuitia mbuzi ng'ambo ya bonde. Alimsomesha bintiye kwa kuuza jibini na mtindi. Binti alipopata makao katika mnara wake mwenyewe, alimchukua mama akae naye juu kabisa, mbele ya dirisha ambalo Wasfiya hakulikaribia hata mara moja, kwa kuwa, alisema, Mungu hakumwumba ndege.

Siku ya kuufungua mnara, ukumbi wa chini ulijaa wageni: wenye mitaji kutoka ng'ambo, watu wa televisheni, wake wa wakubwa. Katikati ya hotuba mlango ukafunguka, Wasfiya akaingia akimburura kondoo kwa kamba, na mchinjaji nyuma yake na kisu. Kwao jengo jipya haliingiwi kabla damu haijamwagika kizingitini, na majini, wale wa chini ya ardhi, hawajaombwa ruhusa. Mwanamke yule akasimama kizingitini, akainua mikono. "Hodi, wenye mahali! Tupeni ruhusa, na mtusamehe tuliyoyakanyaga!" Kondoo akaitikia kwa kumwaga samadi juu ya marumaru.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mgeni mmoja mwenye suti akamwinamia Rudayna akamwuliza, yule mama ni nani? Na Rudayna, uso ukimwaka moto, akajibu, "Kikongwe wa mtaani tu. Hana mtu. Mtusamehe."

Mkataa kwao mtumwa, walisema wahenga, ila hawakusema utumwa wenyewe huanza upesi namna gani. Mlinzi alimtoa mama nje kwa adabu. Kondoo akarudishwa kwa mchinjaji, damu haikumwagika. Jioni Wasfiya alimpikia bintiye dengu, akamkamulia ndimu juu yake kama anavyopenda, habari ile hakuigusa kabisa, na Rudayna akajidanganya kwamba mama hakusikia. Lakini aibu ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Macho yao yakikutana, yeye ndiye aliyetangulia kuyainamisha.

Baada ya Bi Lamis wakaja wengine. Mwanasheria mmoja aliingia kwenye lifti iliyofunguka baada ya kukwama tangu asubuhi, akamkuta kikongwe ndani, amegeuza uso ukutani, maji yakimchuruzika kwenye pindo la thobe. Watoto wa ghorofa ya tano wakakataa kucheza kwenye ujia. "Bibi wa mhandisi anatuita majina," walisema, na mama zao walipouliza majina gani, wakayataja, na mmoja wa mama hao akaketi chini palepale, maana moja lilikuwa jina la nyanya yake aliyekufa kabla yeye hajazaliwa. Kila mara ilikuwa adhuhuri, jua limepiga kioo na ujia umejaa mwanga, wala hapakuwa na giza la kusingizia. Na kila mara ilibaki ile harufu ya kisima.

Lililomtisha Rudayna zaidi hakumwambia mtu. Kila kikongwe yule alipoonekana huko, mama yake alipungua huku. Kwanza sauti ilimwondoka, akabaki anasema kama mtu aliyeko chumba cha pili. Kisha akasahau mahali pa chumvi. Kisha asubuhi moja akiwa amekaa kitandani, nywele zake nyeupe zimefumuka, akamtazama bintiye kwa haya, kama mgeni anayeuliza choo kiko wapi.

"Samahani, binti," akasema. "Mimi ni mama wa nani vile?"

Rudayna alikwenda bafuni akafungua maji ili asisikike akilia.

Siku ileile hakwenda kazini. Alikaa jikoni na mama, wanachambua majani ya mlenda, na kwa muda kidogo mambo yakawa kama zamani. Ndipo simu ya mlangoni ikalia. Rudayna akatazama kwenye kioo chake kidogo, akamwona mama yake amesimama chini barabarani, thobe ileile, uso uleule, akitazama juu moja kwa moja ndani ya kamera bila kupepesa, na midomo yake ikasema, "Fungua, mwanangu," na Rudayna akageuka kumwangalia mama aliyekuwa naye jikoni, akamwona ameacha majani yamemwagika mapajani, ameinua kichwa, na yeye pia midomo yake inachezacheza ikifuata maneno yaleyale nusu pumzi nyuma, fungua, mwanangu, fungua, na kabla Rudayna hajapata nguvu ya kukata simu ile, kwenye kioo hapakuwa tena na mtu, na kutoka kwenye ujia, nje ya mlango wa nyumba yao, zikasikika nyayo mbichi zikija taratibu juu ya marumaru, zikasimama, na harufu ya kisima ikapenya chini ya mlango mpaka majani ya mlenda mapajani mwa mama yakanyauka.

"Usifungue," mama akanong'ona, kwa akili zake timamu. "Huyo si mtu, Rudayna. Huyo kaniazima."

Sheikh Fawwaz aliuza mitishamba na ubani nyuma ya msikiti mkuu, na mtaa mzima ulijua ana mkono kwa mambo hayo. Alimsikiliza Rudayna huku akitwanga iliki.

"Kumbe friji lina nyama ndani," alisema. Kisha akaona uso wake, akaweka mchi chini. "Nisamehe, mhandisi. Sikiliza. Pale pana wenyewe, walikuwapo kabla ya kisima. Hamkuwaomba ruhusa. Hilo peke yake lisingekuwa kubwa, wangewavunjia vikombe kidogo, wakanyamaza. Lakini wewe ulimkana mtu kizingitini pao. Ulisema hana mtu. Kisicho na mwenyewe wao hukiokota."

Rudayna akafunika uso. "Nani kakwambia?"

"Mji wa chini huu, binti. Mpaka kondoo alisikia."

"Nifanye nini?"

"Kondoo achinjwe palepale. Na wewe mshike mama yako mkono mbele ya watu, useme huyu ni nani wako. Ukimtaja kwa kweli, yule mwingine hana umbo tena la kuvaa. Atarudi kwake."

"Haiwezekani tukafanya kwa siri? Sisi tu?"

"Ulimkana kwa siri?"

Rudayna akainuka. Alipofika mlangoni aligeuka. "Sheikh, na wakitokea wote wawili? Nitamjuaje?"

Mzee yule akauchukua tena mchi. "Kakunyonyesha wewe," akasema, "unaniuliza mimi?"

Mambo yakaangukia siku ya baraza. Mnara wa pili ulikuwa umepangwa kando ya ule wa kwanza, na manispaa iliwaita watu watoe maoni katika ukumbi uleule wa marumaru. Wakaja wote. Wenye mitaji, kamera, wanafunzi wa usanifu, wake kwa waume wa mtaa. Baba Nawaf alipewa kipaza sauti akasema yeye si mtu wa uzuri, kama alivyoambiwa redioni, ila anauliza tu, mkitujengea la pili, jua tutalifuata wapi, Saudia? Watu wakacheka. Kijana mmoja akamrushia, "Mzee, jua lenyewe utalikaangia falafel?" Wakacheka tena. Mlangoni Sheikh Fawwaz alisimama na kondoo na kisu, na hakuna aliyemwuliza kitu.

Rudayna alikuwa amemwacha mama kwa Bi Lamis, amshushe wakati ukifika. Zamu yake ikaitwa. Akasimama. "Kabla ya maoni yangu," akaanza, "kuna mtu nataka kuwajulisha." Simu yake ikatetemeka mfukoni. Akaipokea. Ni Bi Lamis, analia. "Mhandisi, nimegeukia chai tu, nimegeuka tena hayupo!"

Lifti ikafunguka, akatoka Wasfiya. Thobe imepigwa pasi, tarizi nyekundu inawaka, shungi jeupe safi, viatu vya ngozi, mgongo umenyooka. Alisimama kwa utulivu akamnyoshea bintiye mkono. Wake wa wakubwa wakanong'onezana: mashallah, tazama fahari ya mama wa kibedui. Kamera zikageuka.

Na kwenye ngazi za dharura mlango ukasukumwa, akatoka Wasfiya mwingine. Alikuwa ameshuka kwa miguu ghorofa zote tisa. Thobe ameivaa kinyume, kandambili moja imebaki huko nyuma, nywele ziko wazi, mate yamemkauka kidevuni. Maji yalimchuruzika mguuni yakachora mstari juu ya marumaru, na watu waliokuwa karibu wakasogea, wakaziba pua. Naye alinyosha mkono. Mdomo ulifunguka, jina likatafutwa, halikupatikana.

Sheikh Fawwaz akasema kwa sauti ndogo, "Haya, binti."

Jini ndilo linalochuruzika maji, Rudayna alijiambia. Wote walisema hivyo. Lakini pua yake ilijua. Ile haikuwa harufu ya kisima. Ilikuwa harufu ya mtu mzima aliyejikojolea, aliyeshuka ngazi gizani kumtafuta mtoto wake ambaye jina lake hakulikumbuka. Alijua kama mkono unavyojua njia ya kwenda kinywani. Na taa ya kamera ilikuwa inamwakia usoni, na mgeni yule mwenye suti alikuwa mstari wa mbele, na miguu yake, Mungu amsamehe, ikaenda kwenye viatu vya ngozi.

"Huyu," akasema, "ndiye mama yangu."

Mkono alioushika ulikuwa baridi na umelowa ndani kwa ndani, na chini ya marashi ya waridi ikapanda harufu ya kisima. Vidole vikafunga juu ya vyake. Akajaribu kujichomoa, havikuachia.

Yule mwingine alimtazama. Hapakuwa na hasira machoni mwake. Akavuta ukosi wa thobe iliyogeuzwa, akajifunika uso wake wote, ili watu wasione mfanano, ili binti asiulizwe. Akapita katikati yao, kisigino kitupu kikipiga marumaru, akatoka kwenda kwenye jua. Mlangoni Sheikh Fawwaz alidondosha kisu, akamfungua kondoo kamba, akamfuata yule mama mbio.

Watu wakapiga makofi. "Twende juu, mwanangu," ile sauti ikasema sikioni mwa Rudayna, nzuri, ya chini, isiyomtia mtu haya. "Twende kwetu." Mpiga picha akawaomba wasogeleane kidogo, na Rudayna, mkono wake ukiwa umekwisha kufa ganzi mpaka begani, akasogea akatabasamu.