Alama za Kijani kwenye Kalenda

Saa tisa na nusu alasiri, kama kawaida, Kokuberwa alipanda ngazi za mawe za mtaa wa Mabatini, mlimani, begi mgongoni na ufunguo ukining'inia shingoni. Alifungua geti, akaingia, akalifunga tena kwa ndani. Hapo maongezi yake ya siku yalikuwa karibu kwisha.

Bibi Bernadetta alikuwa kwenye kiti chake kando ya dirisha. Miguu yake iliyovimba ilipumzika juu ya kigoda.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekula shuleni?"

"Nimekula."

Basi. Baada ya hapo nyumba ilinyamaza mpaka mama arudi jioni kutoka kiwanda cha samaki. Baba alifanya kazi Geita, na alikuja mwisho wa mwezi tu. Kule Muleba walikotoka mwezi wa kwanza, uani hapakukosa binamu wa kucheza naye wala jirani wa kupiga soga na Bibi. Hapa jirani, Mama Kashindye, alisalimia "Mwadila!" kupitia ukutani, na Bibi, ambaye hakujua salamu ya Kisukuma hujibiwaje, alitabasamu tu. Ukuta hauoni tabasamu. Mama Kashindye akachoka kusalimia.

Kabla ya kufungua daftari, Kokuberwa alichukua kalamu ya kijani, akaenda kwenye kalenda iliyotundikwa ukutani, akaweka alama ya vema. Alama hiyo ilikuwa ya uongo.

Bibi alikuwa na ugonjwa wa sukari. Zahanati waliagiza atembee nusu saa kila siku, hata kama ni polepole. Mama akanunua kalenda na kumkabidhi Kokuberwa kazi: "Mkishatembea, weka alama." Siku ya kwanza walishuka ngazi kumi na mbili. Bibi akahema, akashika ukuta, akatazama chini kwenye bonde, akasema hapana.

"Weka tu alama," alimnong'oneza mjukuu wake. "Kesho tutatembea mara mbili."

Hiyo kesho haikufika. Mwezi ulipokwisha, kalenda ilikuwa imekolea kijani kama shamba la mpunga, na Bibi hajavuka geti tena.

Kusema kweli, Kokuberwa naye hakutaka kutoka. Sababu ilikuwa jembe. Wiki yake ya kwanza shuleni, Mwalimu Shigela alimkaribisha kwenye kikundi cha bugobogobo, ile ngoma ya Wasukuma inayochezwa na majembe. Kila mtoto akapewa jembe dogo la mbao. Ngoma ikalia, safu nzima ikazungusha majembe kulia, Kokuberwa akazungusha kushoto. Jembe likamponyoka, likapaa juu ya vichwa vya watu, likatua chubwi! ndani ya sufuria ya uji wa shule.

Watoto walicheka hadi wakakaa chini. Msichana mmoja, Mhoja, akampa jina papo hapo: Mpika Jembe. Kokuberwa alitoka mbio na hakurudi tena kwenye kikundi. Tangu siku hiyo alikula peke yake, akacheza peke yake, akarudi nyumbani peke yake. Usiulize jinsi mtoto wa miaka kumi na mmoja anavyoweza kuwa mpweke katikati ya wanafunzi elfu moja. Inawezekana kabisa, na inauma.

Alasiri hiyo, ngoma ya mazoezi ilianza kulia kutoka uwanja wa shule kule chini. Kokuberwa akainuka kufunga dirisha.

"Liache wazi," Bibi alisema.

Kokuberwa alipogeuka, aliona kitu. Chini ya khanga, mguu wa Bibi ulikuwa ukigonga kigoda taratibu, ukifuata ngoma bila kukosea.

Siku iliyofuata Bibi alikuwa na miadi ya kliniki. Wakaenda wote watatu, mama akimshika Bibi mkono kwenye ngazi. Muuguzi Gladness alipima sukari, akapima tena, akakunja uso.

"Imepanda sana. Mama huyu anatembea kweli?"

"Kila siku!" alijibu mama, akatoa simu na kumwonyesha picha ya kalenda. Alikuwa ameipiga kwa fahari. "Tazama, hakuna siku hata moja iliyokosekana."

"Basi kama mazoezi anafanya na sukari bado inapanda, itabidi daktari amwongezee dawa."

Mama akashusha pumzi. "Afadhali nimrudishe Muleba kwa kaka Anatory. Kule nyumba haikosi mtu wa kumwangalia."

Kokuberwa alimtazama Bibi. Bibi akiondoka, hata lile swali moja la "umekula shuleni?" hapatakuwa na wa kumuuliza. Na akisema kweli, mama atamwamini tena lini? Lakini Bibi alikuwa karibu kuongezewa dawa kwa sababu ya kalamu yake ya kijani.

"Mama," alisema, machozi yakimtoka, "hatutembei. Hatujawahi kutembea. Zile alama ni za uongo."

Mama aliitazama simu yake kama vile ndiyo iliyomdanganya.

"Usimlaumu peke yake," Bibi akamwambia mama kwa sauti ndogo. "Mimi ndiye niliyemwambia aweke. Zile ngazi zinanitisha, Rose. Na nikishafika chini, naenda kwa nani?"

Muuguzi Gladness aliweka kalamu chini. "Bibi, mazoezi si kutembea tu. Kuna kitu mwili wako unakipenda?"

Kokuberwa akafuta machozi. "Ngoma," alisema. "Akisikia ngoma, mguu wake unacheza wenyewe."

"Aa, mtoto huyu!" Bibi akajifunika uso kwa khanga, lakini alikuwa anacheka.

"Kucheza ngoma ni mazoezi mazuri sana," Muuguzi akasema. "Cheza mpaka utoke jasho kidogo. Ukiona huwezi kuongea huku unacheza, punguza mwendo. Ukichoka, kaa, cheza na mikono."

Jumamosi, wazazi na watoto walipochanganyika kucheza ngoma na Mwalimu Shigela kwenye uwanja wa shule, Bibi naye alikwenda. Mama alimshika Bibi mkono wa kulia, na Mama Kashindye, aliyeombwa msaada kupitia ukutani, akamshika wa kushoto. Walishuka ngazi moja moja, wakipumzika kila walipotaka. Kokuberwa alitangulia na kiti kichwani.

"Mpika Jembe kaja!" Mhoja alipiga kelele.

Kokuberwa alitamani kukimbia. Lakini nyuma yake Bibi alikuwa ameshafika, anahema, anatabasamu. Akakaza miguu. "Ndiyo, nimekuja. Leo nionyeshe upande wa kuzungusha."

Mhoja alimtazama kidogo, kicheko kikamwisha. Akamletea jembe la mbao. "Kulia kwanza. Simama karibu yangu, unifuate."

Ngoma ikalia. Bibi alianza ameketi, akicheza kwa mabega na mikono. Wimbo wa tatu aliinuka, akashika mgongo wa kiti, akacheza kwa miguu yake mwenyewe. Mama Kashindye akapiga kigelegele.

Baada ya miezi mitatu, Muuguzi Gladness alipima sukari na kutabasamu: ilikuwa imeshuka. Jioni hiyo mama alisimama mbele ya kalenda, uso wake ukabadilika.

"Kokuberwa! Mbona miezi hii mitatu hakuna alama hata moja?"

Kokuberwa akashtuka. Alikuwa amesahau kabisa. Alasiri zote hizo yeye na Bibi walikuwa ama uwanjani, ama uani kwa Mama Kashindye.

Bibi akacheka. "Mwache. Alama tuliziweka wakati tulikuwa hatuendi popote." Akamvuta mjukuu wake karibu. "Lakini ukumbuke hili, mjukuu wangu. Kalamu inaweza kumdanganya mama yako, hata daktari. Mwili haudanganyiki. Siku ile uliposema kweli, nilipata aibu, lakini ndiyo siku niliyoanza kupona. Na usidhani dawa ilikuwa ngoma peke yake. Ilikuwa ni kucheza na watu."

Nje ya ukuta sauti ikaita, "Mwadila, Bibi!"

"Mwadila!" Bibi akajibu kwa sauti kubwa, kama jirani alivyomfundisha, akatafuta viatu vyake.