Bega la Kushoto

Saa tatu asubuhi jalada la michoro lilikuwa wazi juu ya meza ya kukatia nguo, na ndani yake karatasi zilikuwa saba. Jana zilikuwa kumi.

Mwenye jalada, ambaye mtaa wote ulimwita Penseli, alimtazama mchumba wake. Fundi alikuwa kwenye cherehani, amempa mgongo, akishona pindo la suruali.

"Tatu ziko wapi?"

"Muulize mwenye mgongo."

Maombi ya chuo cha sanaa na ubunifu yalikuwa yanafungwa saa sita mchana. Akichelewa, angesubiri mwaka mzima. Chuo kilitaka michoro kumi ya mtu mmoja, iliyochorwa kwa kumwangalia mwenyewe, si kwa kunakili picha. Penseli alikuwa amechora mgongo wa mwanaume aliyevaa fulana, ameinama, sura haionekani. Jana jioni alilisahau jalada hapo dukani, na Fundi akalifungua.

"Mwenye mgongo nani?" Penseli aliuliza.

"Usinifanye mtoto. Bega la kushoto limeshuka. Mtaa huu mwenye bega hilo ni mmoja, na koti lake nimelishona mimi. Niliweka sifongo upande mmoja ili likae sawa."

Alimaanisha mpiga picha wa jirani, ambaye bega lake lilikuwa limevutwa na mkoba wa kamera miaka nenda rudi. Wiki hiyo Penseli alikuwa amekwenda studio kwake mara mbili. Alisema anajaribu jinsi michoro itakavyoonekana pichani, maana chuo kilipokea picha za michoro tu, si karatasi zenyewe. Fundi hakuwa na ushahidi mwingine. Huo ulimtosha.

"Kwa hiyo nimemvua shati mpiga picha."

"Mtu hachorwi mara kumi kwa bahati mbaya. Mimi hata sikio hujanichora."

Simu ya Penseli ikalia mlio wa ujumbe mezani. Fundi akauwahi, akausoma: "Lete michoro, mwanga wa asubuhi ni mzuri." Ulitoka kwa mpiga picha.

"Mwanga," Fundi alisema. "Siku hizi inaitwa mwanga."

Shangazi yake, aliyekuwa pembeni akishona matundu ya vifungo, aliweka sindano chini. Alimwambia mpwa wake asimame, avue shati, abaki na fulana. Fundi alibisha, kisha akasimama. Shangazi alishusha futi ya kupimia kutoka bega la kulia hadi sakafuni, halafu kutoka la kushoto, akabana kwa kidole gumba pale ilipoishia. La kushoto lilikuwa chini kwa vidole viwili.

"Umewapima watu wote. Wewe nani kakupima?"

"Nakata kwa kufuata shati la zamani."

"Ndiyo maana kola zako zote zinalala upande, mwanangu."

Penseli alimgeuza mbele ya kioo cha wateja, akamshikisha kioo kidogo. Fundi alijitazama mgongo muda mrefu. Kisha akautazama mchoro uliokuwa juu kwenye jalada.

"Kila nikija nakukuta umenipa mgongo," Penseli alisema. "Nakaa kwenye benchi nasubiri umalize pindo, umalize zipu. Nikachora nilichopewa."

Fundi aliinua kitambaa cha bitana kwenye rafu, akatoa karatasi tatu. Moja ilikuwa imekunjika kona.

"Niipige pasi?"

"Usiiguse."

Penseli alizipanga, akafunga jalada, akatoka bila kuaga. Fundi alimwandikia: "Nimekosa." Hakujibiwa. Akaandika tena kwamba kosa ni lake na wala si la mpiga picha. Shangazi alimshauri aiache simu, ashone.

Muda mfupi kabla ya saa sita, Penseli alimtumia ujumbe wa chuo: "Maombi yako yamepokelewa." Chini yake aliongeza maneno yake mwenyewe:

"Jumamosi naanza sura. Ukinipa mgongo tena, nachora cherehani."

Kabla ya saa saba, meza ya cherehani ilikuwa imegeuzwa, ikitazamana na benchi.